Tao, duara na mzingo: maneno ya kueleza hitilafu za maumbo yaliyopinda

Neno tao (wingi: matao, ngeli ya LI-YA) lina maana mbili zinazokaribiana. Katika jiometri, tao ni sehemu ya mzingo wa duara. Katika ujenzi, ni sehemu iliyopinda juu ya mlango, dirisha au baina ya nguzo, kama zinavyoonekana katika magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Programu za kuchorea majengo zimeongeza maana ya tatu. Mfasiri asiyeitambua humtuma msomaji kusahihisha kosa lisilokuwapo na kuliacha lililopo.

Maana ya tatu

Katika SketchUp, kinachoitwa tao ni mfuatano wa vipande vya mstari ulionyooka. Mtumiaji asipobadilisha idadi, tao huwa na vipande 12 na duara huwa na 24. AutoCAD huhifadhi tao kwa kitovu, nusu kipenyo na pembe. Likionekana lina kona kwenye skrini, kasoro ni ya picha tu, na amri ya REGEN huiondoa. Kwa hiyo, tofautisha kauli hizi:

• Tao linaonekana lina kona: umbo ni sahihi, picha ina kasoro.
• Tao limeundwa kwa vipande: kona zimo katika umbo lenyewe.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu

Tuchukue mfano wa seremala wa Manundu, mjini Korogwe, aliyepewa mchoro wa dirisha la nusu duara lenye upana wa mita 3. Nusu kipenyo ni mita 1.5. Tao likiwa na vipande 12, kila kipande kina urefu wa takriban milimita 392, na katikati yake kimeingia ndani ya tao halisi kwa takriban milimita 13. Seremala akikata fremu kwa kufuata mchoro huo, na mwashi akapanga tofali kwa kamba iliyofungwa kwenye kitovu, fremu na ukuta havitakutana. Mbao itakuwa imekwisha kukatwa, na kila mmoja atakuwa na haki ya kusema kwamba alifuata vipimo.

Vipande vikiwa 24, pengo hilo hushuka hadi milimita 3 hivi. Vikiwa 48, huwa chini ya milimita 1. Kanuni ni hii: ukizidisha idadi ya vipande mara mbili, pengo hubaki karibu robo yake. Idadi hiyo ibadilishwe kabla ya kulivuta tao liwe umbo lenye kina.

Hitilafu nyingine na namna ya kuzitaja

• Uso haufungiki: ncha za mistari hazigusani, au nukta za tao hazilali kwenye bapa moja. Tafuta ncha iliyoachana au nukta iliyopanda.
• Matao mawili yanaachiana nafasi: yana nusu kipenyo kimoja lakini idadi tofauti ya vipande. Yapatie idadi moja, na kona zake zielekee upande mmoja.
• Duara limekuwa duaradufu: limetanuliwa upande mmoja tu, hivyo halina tena nusu kipenyo kimoja. Usiandike kwamba duara limeharibika; taja umbo lililopatikana.

Tahadhari za matumizi

Mviringo ni sifa ya kitu, duara ni umbo lenye kitovu na vipimo. Husemwa meza ya mviringo, lakini nusu kipenyo cha duara. Mzingo ni urefu wa kuzunguka umbo zima. Kwa sehemu yake, sema urefu wa tao. Matao, kwa wingi, huweza pia kumaanisha maringo, kama katika kutembea kwa matao. Muktadha ndio huamua.

Katika maelezo ya mchoro unaokwenda kwa fundi, neno tao peke yake halitoshi. Liandamane na kitovu, nusu kipenyo na upana wa chini. Kwa vipimo hivyo seremala na mwashi wataweza kuchora tao lilelile, hata kama mchoro wa kompyuta una kona.