Mgagani Uachwe Uchanue

Wakulima wengi wa Bariadi, mkoani Simiyu, wanauthamini mgagani kwa majani yake. Huota wenyewe mvua za kwanza zikilowesha udongo wenye samadi kando ya zizi, huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita, na ukitoa maua hukatwa vichwa ili majani yaendelee kuchipua. Kwa mboga, hiyo ni busara. Lakini kila bustani ingeacha mashina machache yachanue. Maua yake meupe, mara nyingine ya waridi, hufunguka jioni na kubaki wazi hadi asubuhi: usiku ni zamu ya nondo, kukicha nyuki hufuata chavua, na kuna vipepeo weupe wanaotaga mayai kwenye majani. Ukame hauuzuii. Kama mtama, mgagani hutengeneza chakula chake kwa njia ya C4, inayohimili jua kali kwa maji kidogo. Mvua ikikatika, jambo lisilo geni Simiyu, huharakisha kuchanua na majani huwa machungu. Mlaji atanuna, nyuki atashiba.

Wapo watakaouliza pamba inapata nini, maana Simiyu ni mkoa wa pamba. Kusema kweli, si mengi: pamba hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, na anayeahidi marobota zaidi kwa sababu ya mgagani anatia chumvi. Wanaofaidika ni maboga na matikiti, ambayo ua dume na ua jike hukaa mbalimbali na bila mdudu hakuna tunda, pamoja na alizeti. Hoja nzito zaidi ni sumu: kuwaita nyuki jirani na pamba inayopulizwa dawa ni kuwaita kifoni. Kwa hiyo mgagani usikae ukingoni mwa shamba la pamba. Mahali pake ni bustani ya nyumbani, mbali na upepo wa dawa, na hata anayekula majani yake anautaka huko huko. Viwavi wa vipepeo watatoboa majani kadhaa. Hiyo ni gharama ndogo.

Mbegu mpya huwa zimelala; zikae pakavu miezi kama mitano, kisha zipandwe kina cha sentimita moja. Kwenye udongo mweusi wa mbuga inua tuta, kwa kuwa mgagani hauvumilii maji yaliyotuama. Maganda yakigeuka manjano, yakate kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu.