Wastaafu tusingoje kuumwa ndipo tupime saratani



Wiki iliyopita nilikwenda Kisarawe kuzika. Tuliyemzika alikuwa mwenzangu kazini kwa zaidi ya miaka 20. Alipostaafu akiwa na miaka 60 alichukua kiinua mgongo chake, akanunua shamba la mihogo na mikorosho upande wa Maneromango, akajenga nyumba ya matofali, akachimba na kisima. Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa akiamka mara nne, mara tano usiku kwenda haja ndogo. Tulipomuuliza alicheka akasema, "Huo ndio uzee, bwana." Alipokubali kwenda hospitali, mgongo ulikuwa unamuuma kiasi cha kushindwa kushika jembe. Aliambiwa ni saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imekwishaingia kwenye mifupa.

Siyasemi haya ili kumlaumu marehemu. Nayasema kwa sababu, tulipokuwa tukirudi, nilikuwa garini na wazee wanne, wote wastaafu, nikawauliza ni nani kati yao amewahi kupimwa saratani. Walinyamaza. Kisha mmoja akaniuliza: "Nipime nini, na mimi siumwi?"

Hilo ndilo swali ninalotaka tulizungumze leo, maana mzee yule alisema wazi lile ambalo wengi wetu tunaliamini kimoyomoyo. Tunaamini kwamba hospitali ni mahali pa mgonjwa. Lakini uchunguzi wa saratani umekusudiwa hasa mtu asiyeumwa. Aghalabu saratani huanza kimya kimya, haina homa wala maumivu, na huo ukimya ndio wakati inapotibika vizuri. Ikianza kuuma, mara nyingi imekwishatambaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wastaafu tunaojenga Kibaha na Kisarawe tunaijua maana ya methali hiyo kwa matofali na saruji. Kila mwaka kabla ya masika tunakagua paa, ingawa bado halijavuja. Mwili hatuukagui.

Na umri wetu ndio wenyewe. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo saratani nyingi huanza kujitokeza, kwa kuwa huchukua muda mrefu kukua.

Chukueni mfano wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 peke yake wanawake zaidi ya 10,000 nchini waliipata, na zaidi ya 6,500 walikufa kwa ajili yake. Husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida, tangu kuambukizwa hadi saratani kutokea huweza kupita miaka 15 hadi 20. Kwa hiyo mama anayestaafu leo anaweza kuwa amebeba jambo lililoanza alipokuwa na miaka 40.

Hapa Kibaha nina jirani, mwalimu mstaafu. Mwenziwe alipomshawishi waende wakapime, alimjibu kwamba hedhi imekwishakoma, hayo ni mambo ya wasichana. Hata hivyo alikwenda. Huko alielezwa jambo ambalo wengi hatulijui. Kipimo kinachotumika sana katika vituo vyetu ni kile cha siki: mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na penye mabadiliko hugeuka peupe. Ni kipimo kizuri kwa wanawake walio katika miaka ya 30 na 40. Lakini hedhi ikishakoma, sehemu inayotakiwa kuonekana huingia ndani, kwa hiyo siki inaweza kudanganya. Mama wa umri huo aulizie kipimo cha kirusi chenyewe cha HPV, ambacho sampuli yake mwanamke anaweza hata kujichukulia mwenyewe. Jirani yangu alikutwa na kirusi, akachunguzwa zaidi, yakaonekana mabadiliko ambayo hayajawa saratani. Sehemu ile ikaondolewa, na siku hiyo hiyo akarudi nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke aliyepita miaka 50 anaweza kuacha kupima iwapo vipimo vyake viwili vya mfululizo vilikuwa safi. Lakini ambaye hakupimwa hata mara moja, deni lake bado halijalipwa.

Sasa nije kwetu wanaume. Kwa tezi dume kuna kipimo cha damu kinachojulikana kwa herufi PSA, na kuna daktari kupapasa tezi kwa kidole. Hicho kidole ndicho kinachotukimbiza, ingawa ni jambo la dakika moja. Tukumbuke kwamba Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete, mtu wa Msoga katika mkoa huu huu wa Pwani, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume huko Baltimore, Marekani. Alikuwa na miaka 64. Aliporudi aliwaambia wananchi waziwazi kwamba ilikuwa saratani, na kwamba iligunduliwa mapema. Alirudi kazini akamaliza kipindi chake mwaka 2015. Kama Amiri Jeshi Mkuu hakuona aibu, sisi tunamwonea aibu nani?

Lakini nisiwadanganye. PSA ikipanda si lazima iwe saratani, kwa maana tezi inayokua kwa umri tu, au yenye maambukizo, nayo huipandisha. Vivyo hivyo, kuamka usiku mara nyingi kwa wanaume wengi ni tezi iliyokua tu. Tena ziko saratani za tezi dume zinazokwenda polepole mno, ambazo kuzitibu kwa haraka kunaweza kumletea mtu shida ya mkojo na ya unyumba bila sababu. Ndiyo maana wataalamu hawasemi kila mwanaume apimwe tu. Wanasema kaa na daktari, mweleze umri wako, na kama baba au ndugu yako aliugua, kisha mwamue pamoja.

Na hakuna kipimo kimoja kinachoona saratani zote. Anayekuuzia kipimo cha namna hiyo, mwogope. Mwalimu Nyerere alifariki mwaka 1999 kwa saratani ya damu, na hiyo haina uchunguzi wa kawaida wa kuiwahi. Tunapima zile zinazoweza kuwahiwa. Kina mama wachunguzwe pia matiti, na palipo na mashine, kipimo cha picha kati ya miaka 50 na 69. Wenye ndugu aliyeugua saratani ya utumbo mpana wamwambie daktari.

Kuna jambo moja zaidi. Damu inayomtoka mama ambaye hedhi ilikwishakoma, uvimbe kwenye titi, damu kwenye mkojo au kwenye choo: hizo si za kungojea siku ya uchunguzi. Hizo ni za kwenda hospitali kesho asubuhi.

Kwa wakazi wa Kibaha, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Tumbi. Kisarawe kuna hospitali ya wilaya. Anzeni hapo, mkaulize vipimo gani vipo na siku gani. Kisichokuwapo, Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, mwendo wa basi. Mwenye kadi ya bima ya afya aulize inalipia nini. Na vijana, mnapokuja kuwasalimu wazee mwisho wa wiki, pamoja na sukari na mchele, mwulize baba na mama lini walipimwa.

Mwisho, nikiri jambo. Siku ile garini, nilipouliza swali langu, yule mzee alinigeuzia: "Na wewe je?" Nina miaka 62, na sikuwa na jibu. Jumatatu nilikwenda pamoja na mke wangu. Majibu yake yametoka, ni mazuri. Yangu nimeambiwa nirudi baada ya wiki mbili kwa kipimo kingine, nami nitarudi.

Kwaherini hadi wiki ijayo.