Sendika yetu imeonja Linux kabla ya kuhama

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha msaada wa kawaida wa Windows 10. Ordinatere ya sendika yetu hapa Butembo iko na prosesa ya zamani, Windows 11 inaikataa. Kununua ingine kwa michango ya wachimbaji? Hapana. Lakini ndani yake ndimo yamo majina ya wanachama, na ya wale walioangukiwa na mashimo. Virusi ikiyala, tutadai fidia kwa karatasi gani?

Wenzetu wa Beni walitutumia Linux Mint kwenye flashi, sababu faili yake inakaribia GB 3 na mega ni bei. Uzuri ni huu: unawasha mashine kutoka kwa flashi, unajaribu siku nzima, Windows haiguswi. Liste zetu za Excel zilifunguka katika LibreOffice, ila mistari mingine ilisogea. Imprimante ndiyo ilitusumbua siku mbili.

Kisha tulikopi kila kitu kwenye diski mbili, moja ikaenda Beni. Tukangoja betri ijae, maana umeme wetu unakatika bila kuaga, ndipo tukahama kabisa. Mtunza pesa angali anatafuta Excel yake.