Rangi za Maduka ya Kale katika Mitaa ya Eastlands

Atokaye Pumwani, ambako viwanja viligawiwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, akapitia Shauri Moyo, mtaa uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea waliobomolewa makao yao ya Pangani, kisha akavuka Barabara ya Jogoo na kuingia Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, huwa amepita mbele ya maduka ya zama tatu mbalimbali za Nairobi. Majengo hayo yamebeba maisha ya wafanyakazi walioutumikia mji huu tangu enzi za ukoloni. Na kwa kuwa hayana nakshi wala minara, sehemu kubwa ya wajihi wake ni rangi. Kwa sababu hiyo anayeshika brashi mbele ya duka la kale ameshika pia hatima ya sura ya mtaa mzima, na yafaa ajue kwamba katika shauri hili yeye si msemaji wa kwanza. Wa kwanza ni ukuta. Wa pili ni jua na udongo. Wa tatu ni historia na majirani. Na mwenye duka husema wa nne, katika nafasi waliyomwachia hao watatu.

Tuanze na ukuta. Jiwe la kujengea la Nairobi, kwa sehemu kubwa, ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana na kugeuka mwamba: jiwe jepesi kuchongwa, la kijivu, lenye vinyweleo vingi, ambalo hunywa maji ya mvua na ya ardhini na kuyatoa tena polepole kwa njia ya hewa. Ukuta wa namna hii ukipakwa rangi ya mafuta yenye kung'aa, kwa sababu tu huoshwa kwa urahisi, unyevu uliomo ndani hukosa mlango wa kutokea. Rangi huvimba malengelenge, hubanduka vipande vipande, na aghalabu hubanduka pamoja na ngozi ya jiwe lenyewe. Dawa yake ya kale ni chokaa, ambayo huganda kwa kuvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe la chokaa, huku ikiuacha ukuta uendelee kupumua. Watu wa Lamu na Unguja, ambao miji yao imo katika orodha ya turathi za dunia, Unguja tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, waliijua hikima hii karne nyingi kabla yetu, wakaichoma chokaa yao kutokana na matumbawe. Na mahali ambapo kuta zao za kale zilifunikwa kwa saruji, madhara ya unyevu yalionekana dhahiri.

Kukubali chokaa ni kukubali pia mipaka yake. Haitoi nyekundu ya kuwaka wala samawati ya kung'aa. Hutoa nyeupe, rangi ya maziwa, manjano ya udongo, waridi hafifu na kijivu, kwa kuwa huchanganywa na rangi za madini zinazostahimili ukali wake. Asiyeridhika na mipaka hiyo atafute rangi ya maji inayopitisha mvuke, na amwulize muuzaji neno hilo waziwazi kabla ya kuuliza bei. Na kama jengo lilijengwa kwa mawe yaliyochongwa vizuri yakaachwa wazi tangu siku ya kwanza, jibu sahihi ni kutopaka rangi yoyote: yasafishwe kwa maji na brashi laini, na viungo vilivyolika vijazwe kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga.

Kabla ya kuchagua, ukuta uulizwe ulivaa nini zamani. Mahali palipositirika, mathalani chini ya upenu au nyuma ya fremu ya mlango, fundi akwangue dirisha dogo hatua kwa hatua, kwa kisu chembamba na msasa uliolowekwa maji, ashuke tabaka baada ya tabaka mpaka alifikie jiwe au plasta. Asikwangue kukavu, kwa kuwa rangi nyingi za mafuta za miaka iliyopita zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hususa kwa watoto. Tabaka la chini kabisa ni shahidi wa kuaminika, ingawa si hakimu: laweza kuwa limechujuka kwa umri, na duka la leo halilazimiki kuwa nakala ya duka la jana. Lakini asiyemsikiliza shahidi huyo hana haki ya kudai kwamba ameliheshimu jengo.

Wa pili kusema ni jua. Nairobi iko kiasi cha digrii moja tu kusini mwa ikweta, juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,600 na zaidi, na mwanga wake hula rangi haraka. Nyekundu kali na manjano makali yasiyotokana na madini huchujuka mapema, ilhali rangi za udongo wenye chuma, yaani kahawia, nyekundu ya matofali na manjano ya ngano, hudumu miaka na miaka. Fauka ya hayo, kuta zinazotazama mashariki na magharibi hupigwa na jua la ubavuni mwaka mzima. Ile ya kaskazini hulipata zaidi mwezi Juni, na ya kusini mwezi Desemba. Basi rangi ijaribiwe ukutani, si kwenye kikaratasi cha dukani: mwenye duka apake eneo la mita moja kwa mita moja, aliache likauke kabisa, kwa maana chokaa hubadilika sura ikaukapo, kisha alitazame asubuhi, adhuhuri na jioni.

Kisha usemi ni wa udongo. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi, nao wakati wa mvua za masika na za vuli hurushwa ukutani na matone na magurudumu. Ndiyo maana mafundi wetu wa zamani walizoea kuuzungushia ukuta mkanda wa rangi nzito chini, wa kijivu au nyekundu ya oksidi. Desturi hiyo ina akili ndani yake, na yastahili kuendelezwa. Kwa hiyo jengo la duka lataka rangi tatu, nazo zatosha: ya ukuta, ya mkanda wa chini, na ya mbao na vyuma vya milango, madirisha na grili. Penye paa la vigae vyekundu, kama zilivyo nyumba za Kaloleni, paa lenyewe limekwisha kuchagua nusu ya mambo. Ukuta wa rangi ya maziwa na milango ya kijani kizito hupatana nalo, na nyeupe baridi hugombana nalo.

Tumefika penye ikhtilafu kubwa kuliko zote. Siku hizi kampuni za simu, za soda na za sabuni humpa mwenye duka rangi na fundi bila malipo, kwa sharti kwamba duka zima livae rangi ya kampuni. Na safu moja ya maduka iliyosanifiwa kuwa jengo moja hukatwa ikawa vipande vya kijani, vyekundu na vya buluu. Sithubutu kumlaumu mfanyabiashara ambaye faida yake ni ndogo na kodi yake ni ya kila mwezi. Ila namwomba apime anachopewa kwa anachotoa, maana rangi ya bure aghalabu huwa ya kuziba vinyweleo, na gharama ya kutibu ukuta uliooza haimo katika mkataba. Tangazo lipewe ubao juu ya mlango, na ukuta ubaki kuwa ukuta.

Wa tatu kusema ni historia na majirani. Kaloleni ilisanifiwa na A. J. S. Hutton kwa kufuata fikra ya miji ya bustani iliyoenezwa Uingereza na Ebenezer Howard, nyumba zikizunguka ukumbi wa jamii, ukumbi ambamo siasa za Waafrika zilipata jukwaa kabla ya uhuru. Mtaa uliokusudiwa kuwa kitu kimoja haupendezi mlango mmoja mmoja. Nyingi za nyumba hizi ni mali ya Kaunti ya Nairobi, kwa hiyo ruhusa yake huhitajika; na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 yatoa njia ya kulitangaza jengo kuwa turathi inayolindwa. Lakini sheria huchelewa, na brashi haingoji. Wenye maduka ya safu moja wawezapo kukutana alasiri moja, wakapatana juu ya rangi ya ukuta na ya mkanda, wakamwachia kila mmoja hiari ya rangi ya mlango wake, watakuwa wamefanya kazi ambayo hakuna ofisi iwezayo kuwafanyia. Na waandike mapatano hayo: aina ya chokaa, jina na kipimo cha kila rangi, mwaka wa kupaka na upande ulioanza kuchujuka, waikabidhi karatasi hiyo kwa mpangaji ajaye, ili fundi wa miaka kumi ijayo aanzie kwenye maarifa yao badala ya kuanza upya.