Rafiki Aliyefiwa katika Vitabu vya Vijana

Vifo vya vijana vimejaa katika vitabu vinavyosomwa na vijana wa Tanzania, lakini rafiki wa marehemu hupewa kurasa chache mno. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari, awe Dar es Salaam au Msangeni kule Ugweno, milima ya Upare wilayani Mwanga, amekutana na mada hii kupitia tamthiliya zaidi kuliko riwaya. Mbili zinajulikana kuliko nyingine: Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation, iliyoandikwa miaka ya 1990, na Orodha ya Steve Reynolds ya mwaka 2006.

Orodha inamhusu Furaha, binti anayekufa kwa UKIMWI na kuacha barua isomwe siku ya mazishi yake. Zinavuma habari kwamba barua hiyo ina majina, na wanaume waliotembea naye, padri akiwa mmojawapo, wanahaha kuizuia. Kumbe Furaha hakuorodhesha mtu. Ameorodhesha mambo ambayo yangemwokoa, kama vile upendo, uaminifu na uwazi. Mtego huo umetegwa kwa ustadi, na mwanafunzi asiyependa kusoma huumaliza mchezo ili ajue kilichomo ndani ya bahasha. Lakini yumo pia Mary, rafiki aliyemvuta Furaha kwenye baa na pombe. Mary amechorwa zaidi kama mshawishi kuliko kama mfiwa. Msichana aliyemtangulia mwenzake njiani, kisha akabaki hai, anaishije baada ya kaburi kufukiwa? Hapo palikuwa na riwaya nzima.

Katika Kilio Chetu wazazi wanabishana kama watoto waelezwe habari za ngono. Mama Suzi hataki kusikia. Baba yake Anna anamweleza binti yake waziwazi. Joti anakufa kwa UKIMWI, Suzi anabaki mjamzito, Anna anasalimika. Tamthiliya inawasemesha vijana, ila wanaolengwa ni wazazi, ndiyo maana pengo la Joti miongoni mwa wenzake linapitwa haraka. Ni vema kukumbuka wakati wake: dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo, mwandishi aliyemuua mhusika wake alikuwa anatoa onyo, na onyo halina subira ya kuketi matangani.

Riwaya iliyotangulia ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda. Rosa, aliyelelewa Ukerewe kwa ukali wa baba yake Zakaria, anajiua baada ya mchumba wake Charles kumkataa. Hiyo imechimba majonzi kwa kina kuliko tamthiliya zote mbili, ingawa ni majonzi ya nyumba moja. Marafiki wa shule hupita tu.

Ugweno yenyewe ina hazina ambayo mwandishi wa vijana angeweza kuichota. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, aliandika mwaka 1969 historia ya Wapare ambamo mshitu, yaani jando la msituni, lina nafasi kubwa. Waliotoka mshitu pamoja walikuwa rika moja maisha yao yote. Koo nazo zilikuwa na misitu yao mitakatifu, mpungi, yalikohifadhiwa mafuvu ya wahenga. Urafiki ulikuwa na msitu wake na wafu walikuwa na wao, na kijana alifundwa namna ya kuiheshimu yote miwili.

Siku hizi mwanafunzi akifariki, darasa zima hushuka au kupanda mlima hadi nyumbani kwa wafiwa likiwa na sare. Wanaimba wimbo mmoja, kiranja anakabidhi bahasha ya rambirambi, wavulana wanaombwa kuteka maji na kubeba kuni. Pole hupewa wazazi, bibi na shangazi. Aliyekaa naye dawati moja hapewi pole na mtu yeyote, na kesho yake ana jaribio la hesabu.

Fasihi ya vijana ya Kiswahili imeeleza vizuri kwa nini vijana hufa. Waandishi chipukizi wa Upareni na kwingineko, wanaotafuta mhusika mkuu ambaye hajachoshwa na vitabu vilivyotangulia, wamfuate huyo wa dawati moja.