Mkopo wa simu 'bila dhamana' na majina ya ndugu zako

Januari ni mwezi mgumu kwa mzazi wa Bariadi, Maswa au Meatu. Shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinadaiwa, na pamba bado iko shambani. Msimu wa kuuza haufunguliwi mpaka Mei hivi. Ndiyo maana kiungo kinachorushwa kwenye kundi la WhatsApp, kikiahidi mkopo wa dakika chache bila dhamana, hakikosi mtu wa kukibonyeza.

Wanaoandika programu za simu nao hurushiwa viungo hivyo. Tofauti yao na wazazi wengine ni kwamba wao hukisoma kile kisanduku kinachojitokeza programu inapofunguliwa mara ya kwanza, kikiomba ruhusa. Kukiweka pale ni sehemu ya kazi yao ya kila siku, kwa hiyo wanajua kila ruhusa inafungua nini.

Chukua ombi moja tu. Kwenye simu ya Android iliyowekwa lugha ya Kiswahili, programu huomba kufikia "anwani" zako. Mzazi akiona neno anwani anawaza sanduku la posta, au mtaa na kijiji anachokaa. Hata benki huuliza hayo, basi anabonyeza Ruhusu. Kumbe "anwani" hapo ni majina yote na namba zote ulizohifadhi kwenye simu. Kwa jambo zito namna hiyo, ni tafsiri mbovu kweli.

Na majina yenyewe yanavyohifadhiwa! Mama Mkwe. Kaka Mwanza. Mwalimu wa Darasa. Mchungaji. Karani wa AMCOS. Orodha ya aina hiyo haihitaji mtaalamu wa kuichambua. Inaeleza yenyewe nani ni nani kwako, na ni nani akiambiwa habari za deni lako utaona aibu. Tangazo lilisema hakuna dhamana, lakini dhamana imeshatolewa, na waliowekwa rehani hawakuulizwa. Siku ya kulipa ikipita, mama mkwe anaweza kupokea ujumbe kwamba mkwewe ni tapeli.

Vitisho vya namna hii si vya Tanzania peke yake. Mwaka 2023 ofisi ya ulinzi wa data ya Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 za huko kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Mwaka huohuo, kuanzia Mei 31, Google ilikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake la Play Store kusoma majina na picha za mteja. Ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu zaidi na programu inayokuja kwa kiungo, nje ya duka hilo. Simu yenyewe hukuonya kwamba chanzo chake hakijulikani.

Hapa nchini, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Jina la mkopeshaji lipo au halipo? Hilo ni la kuangalia kabla ya kujaza namba ya NIDA.

Kwa aliyekwisha kuruhusu, nenda kwenye Mipangilio, kisha Programu, chagua programu hiyo, fungua Ruhusa na uiondoe. Hapo haitaweza kusoma majina mapya. Wengi hudhani kuifuta programu kunamaliza kila kitu, lakini yale iliyokwisha kuyachukua hayako tena kwenye simu yako, yako kwenye kompyuta za mkopeshaji. Deni nalo halifutiki. Hifadhi picha za ujumbe wa vitisho, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ilianzisha Tume inayopokea malalamiko ya aina hii. Na ndugu waliomo kwenye simu waambiwe mapema, mama mkwe akiwa wa kwanza, hata kama mazungumzo hayo ni magumu.

Mzazi anayelazimika kukopa anaweza kuangalia kwanza mikopo iliyo ndani ya menyu ya mtandao wake, kama ile ya *150*00# ya M-Pesa. Ina riba na tozo zake, na mtandao unaijua miamala yako. Lakini menyu hiyo inafanya kazi hata kwenye kitochi, na haina njia ya kusoma majina uliyohifadhi.