Sindano Moja kwa Siku: Uchaguzi wa Antibiotiki kwa Watoto Waliolazwa

Miezi ya baridi ifikapo katika miteremko ya Mlima Meru, wazazi kutoka Tengeru, Usa River na Ngaramtoni huwafikisha hospitalini watoto wenye homa, kikohozi na pumzi za haraka. Mtoto akishalazwa, dawa huanza mara moja. Swali ni dawa ipi, na kwa sababu gani.

Kwa nimonia kali, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza na ampisilini na jentamisini. Mtoto wa kilo 10 hupewa ampisilini miligramu 500 kila baada ya saa 6, na jentamisini miligramu 75 mara moja kwa siku. Hizo ni sindano tano kwa siku. Seftriaksoni hutolewa mara moja tu. Pale ambapo muuguzi mmoja anahudumia wodi iliyojaa, si ajabu seftriaksoni ikachaguliwa kwanza.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama. Katika mgawanyo wa antibiotiki uliotolewa na Shirika hilo mwaka 2017, ampisilini na jentamisini zimo katika kundi la kutumika kwanza, na seftriaksoni katika kundi la tahadhari, kwa kuwa huchochea usugu wa bakteria kwa urahisi zaidi. Bakteria wakishaizoea, daktari hulazimika kutafuta dawa kama meropenemu, iliyo ghali na isiyopatikana kila mahali. Seftriaksoni ina nafasi yake: homa ya uti wa mgongo, au nimonia kali isiyosikia dawa za kwanza. Itumikapo kwa kila homa, nafasi hiyo hupotea.

Hatari ya kutibu kwa mazoea ilidhihirika Moshi, jirani na Arusha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wadogo. Zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliothibitishwa ni 14 tu. Aliyetibiwa ugonjwa asio nao aliukosa muda wa kutibiwa ule alio nao.

Kwa hiyo, mtoa huduma hana budi kumpima mtoto uzito kabla ya kuandika dozi, kuandika katika faili sababu ya kila antibiotiki, kuchukua damu ya kuotesha vimelea kabla ya sindano ya kwanza inapowezekana, na kuipitia tiba baada ya saa 48: iendelee, ibadilishwe, iwe ya kunywa, au isitishwe.

Mzazi naye ana haki ya kuuliza: dawa hii inatibu nini, kwa siku ngapi, na je, anaweza kuimeza? Asidhani kwamba sindano ndiyo tiba bora kila mara. Mtoto mwenye kuhara kwa majimaji, kwa kawaida, huhitaji chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na zinki, wala si antibiotiki.

Dawa inayotunzwa leo ndiyo itakayomponya mtoto atakayelazwa kesho.